Miezi Kumi na Minane

Kadi yangu ya kliniki ya wajawazito na kadi ya mtoto wangu wa kwanza bado nimezibana pamoja kwa pini. Ya kwanza imejaa: tarehe za mahudhurio, shinikizo la damu, uzito unaopanda mwezi kwa mwezi, na pembeni vifupisho vinavyomjulisha muuguzi kwamba mwenye kadi anaishi na virusi vya UKIMWI. Ya pili nayo inaanza kwa kujaa, kwa dawa ya maji ya wiki sita, kipimo cha wiki ya sita na chanjo zote, kisha maandishi yanakuwa machache, na kuna miezi ambayo haina hata alama moja zaidi ya uzito wa mtoto. Ninataka kuandika kuhusu miezi hiyo mitupu, kwa sababu ndiyo ambayo nusura nimwambukize mwanangu.

Nilipimwa mwaka 2014, nikiwa na mimba ya miezi minne. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na dalili yoyote. Nilikwenda kuandikishwa kama wajawazito wengine, nikatolewa damu kidoleni, nikaitwa chumba cha pembeni. Muuguzi aliyenipa majibu alikuwa mtu mzima, aliyekaribia kustaafu, na jambo la kwanza aliloniambia baada ya kunyamaza kidogo ili nilie ni kwamba mtoto aliye tumboni hana sababu ya kuzaliwa na virusi. Sikumwamini. Nilikuwa nikidhani, kama wengi wanavyodhani hadi leo, kwamba damu ya mama na damu ya mtoto ni damu moja, na kwamba alicho nacho mama, mtoto naye amekwisha kuwa nacho.

Alinieleza taratibu. Kondo la nyuma hutenganisha damu ya mama na ya mtoto, na mimba nyingi za wanawake wenye VVU, hata wasiotumia dawa yoyote, humalizika mtoto akiwa salama. Virusi vina njia tatu za kumfikia: kupitia kondo wakati wa ujauzito, kupitia damu na majimaji ya uzazi wakati wa uchungu na kujifungua, na kupitia maziwa wakati wa kunyonyesha. Pasipo matibabu, katika kila watoto 100 wanaozaliwa na akina mama wenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa, na tofauti kubwa iliyopo kati ya namba hizo mbili inategemea zaidi kama mtoto ananyonya na kwa muda gani. Mama akitumia dawa ipasavyo, hata akinyonyesha, idadi hiyo hushuka chini ya watoto 5, na kwa mama aliyeanza dawa mapema na virusi vyake vikafubazwa kabisa hushuka chini ya mmoja. Kinachoamua ni wingi wa virusi katika damu na maziwa ya mama. Mengine yote, yaani namna ya kuzalishwa, dawa kinga ya mtoto na namna ya kulisha, yana uzito wake, lakini yanafuata nyuma ya hilo.

Muuguzi yule alikuwa ameanza kazi kabla dawa hazijakuwapo, na nadhani ndiyo maana alizungumza kwa uhakika uliokuwa na huzuni ndani yake. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani na Ufaransa walionyesha kwamba dawa iitwayo zidovudini, ikitolewa kwa mama wakati wa ujauzito na uchungu na kwa mtoto kwa wiki sita, hupunguza maambukizi kutoka watoto wapatao 25 katika kila 100 hadi 8. Ilikuwa habari kubwa, ila wanawake wengi duniani hawakuweza kuifikia, kwa kuwa mpango wenyewe ulitaka vidonge mara tano kwa siku na dripu wakati wa uchungu. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Uganda ukaja na jambo jepesi mno: kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama uchungu unapoanza, na dozi moja ya maji kwa mtoto ndani ya saa 72, na maambukizi yanapungua kwa karibu nusu. Yeye alikigawa kidonge hicho kwa miaka. Alisema wapo wanawake waliokipokea kwenye ujauzito wakaenda nacho nyumbani kimefungwa kwenye pindo la khanga, wakisubiri uchungu.

Lakini kidonge hicho kilimlinda mtoto siku ya kuzaliwa tu, kikamwacha mama bila matibabu yake mwenyewe. Nevirapini hukaa mwilini kwa muda mrefu baada ya dozi moja, ikipungua polepole, na virusi vilivyobaki hupata nafasi ya kujenga usugu dhidi yake, hivyo mwanamke aliyehitaji kuanza dawa muda mfupi baadaye aliweza kukuta zimekwisha kupoteza nguvu. Na mtoto aliyenusurika leba aliendelea kunyonya maziwa ya mama asiye na tiba. Ninapolitafakari hilo naona kwamba mpango mzima ulikuwa umemtazama mama kama njia anayopitia mtoto, na dosari hiyo ya mtazamo, licha ya dawa kubadilika, haijaisha hadi leo.

Mabadiliko ya kweli yalianzia Malawi mwaka 2011. Nchi hiyo iliamua kwamba kila mwanamke mjamzito au anayenyonyesha mwenye VVU aanzishiwe dawa za kufubaza virusi siku anapogundulika na aendelee nazo maisha yake yote, bila kusubiri kipimo cha CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga katika damu, kwa kuwa mashine za kipimo hicho hazikuwapo katika vituo vingi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza utaratibu huo katika mwongozo wake wa mwaka 2013, na mwaka 2015 likapendekeza kila mtu mwenye VVU aanze dawa mara anapopimwa. Mimi nilikuja kliniki katikati ya miaka hiyo miwili, kwa hiyo niliondoka siku ile ile na kopo la vidonge: tenofoviri, lamivudini na efavirenzi, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, kimoja kila usiku wakati wa kulala. Usiku wa mwanzo niliota ndoto ambazo sitaki kuzisimulia, na asubuhi kichwa kilikuwa kizito kama cha mtu aliyekesha. Baada ya wiki tatu hivi hali hiyo ikatulia.

Mume wangu alipima wiki mbili baadaye, akakutwa hana maambukizi. Yaliyotokea kati yetu katika mwezi uliofuata ni yetu wawili. Inatosha kusema kwamba alibaki, na kwamba tulikubaliana ndugu zake wasijue. Uamuzi huo wakati ule niliuona ndio unaonilinda.

Kuhusu kujifungua sina mengi ya kusema. Nilizaa kwa njia ya kawaida; mkunga hakuipasua chupa ya maji mapema, hakuniongeza njia, na alimfuta mtoto damu na majimaji kabla ya kunipa. Kwa mama ambaye virusi vyake bado viko juu karibu na kujifungua, upasuaji uliopangwa kabla uchungu haujaanza huweza kupunguza hatari pale unapoweza kufanyika kwa usalama; kwa mama aliyefubaza virusi, hauongezi kinga inayofaa kuhatarishiwa kisu. Watu waliogopa leba yangu kuliko nilivyoiogopa mimi.

Mtoto alianza nevirapini ya maji siku hiyo hiyo, mara moja kwa siku kwa wiki sita. Mtoto ambaye mama yake amechelewa kuanza dawa, au amejifungua virusi vikiwa juu, huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa zaidi, na mwongozo wa mwaka 2016 ulitaka apewe dawa mbili, zidovudini na nevirapini, kwa muda unaoweza kufika wiki 12. Katika wiki ya sita alitobolewa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi maalumu yakapelekwa maabara. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona akina mama wengi wakichanganywa na hatua hii. Kipimo cha haraka ambacho mtu mzima hupimwa kidoleni hakitafuti virusi, bali hutafuta kingamwili, askari ambao mwili huwatengeneza unapokutana na virusi. Mtoto huzaliwa akiwa amerithi kingamwili za mama kupitia kondo, na huweza kubaki nazo hadi umri wa miezi 18, hivyo kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha kwamba ana maambukizi hata kama hana hata kirusi kimoja. Ndiyo maana mtoto mchanga hupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Nimemkuta mama aliyempima mtoto wake wa miezi mitatu kwa kipimo cha watu wazima, akaambiwa ameathirika, akaacha kumpeleka kliniki kwa kukata tamaa. Mtoto hakuwa na virusi.

Haraka ya kipimo hicho ina sababu nzito. Mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa, uwezekano wa kufa kabla ya kutimiza miaka miwili ni karibu nusu kwa nusu, na vifo vingi hutokea katika miezi michache ya mwanzo. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2008 uliwagawa watoto wachanga wenye VVU, wengine wakaanza dawa mara moja, wengine wakasubiri hadi kinga yao ishuke au dalili zitokee. Walioanza mapema vifo vyao vilipungua kwa asilimia 76. Majibu yanayokaa maabara miezi mitatu huweza kumkuta mtoto amekwisha kuzikwa.

Majibu ya mwanangu yalikuja safi, na hapo ndipo kila mtu alipopumua. Mimi nilipumua, mume wangu alipumua, hata muuguzi aliniambia hongera. Hakuna aliyekosea kufurahi, lakini kipimo cha wiki ya sita kinaeleza yaliyopita tu, yaani ujauzito, leba na wiki za mwanzo za ziwa. Mbele yangu kulikuwa na miezi kumi na zaidi ya kunyonyesha. Katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambako wajawazito wengi sasa wanapata dawa, sehemu kubwa ya maambukizi mapya ya watoto hutokea katika miezi hiyo hiyo, kwa mama aliyeachia dawa njiani au aliyeambukizwa yeye mwenyewe akiwa ananyonyesha.

Wapo watakaouliza kwa nini basi mama asiache kunyonyesha. Swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa. Botswana iliwapa akina mama maziwa ya kopo bure kwa nia njema, na mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa kuchafua maji, mlipuko wa kuhara uliua watoto wengi, na wasionyonyeshwa ndio walioumia zaidi. Huko Zambia, utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulijaribu kuwashauri akina mama wawaachishe watoto ghafla wakiwa na miezi minne. Faida haikuonekana, kwa sababu watoto waliokwepa virusi waliangukia magonjwa mengine. Na utafiti wa Durban wa mwaka 1999 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake yuko salama kuliko yule anayechanganyiwa maziwa ya mama na vyakula au vinywaji vingine katika miezi ya mwanzo, inadhaniwa kwa kuwa vitu hivyo huuchubua utando laini wa utumbo wake na kuvipa virusi mlango. Pale ambapo maji safi, mafuta ya kuchemshia na maziwa mbadala havina uhakika, ziwa la mama anayetumia dawa ndilo salama zaidi. Hata Marekani, ambako kwa miongo mingi mama mwenye VVU aliambiwa asinyonyeshe kabisa, mwongozo wa Januari 2023 ulikubali kwamba aliyefubaza virusi anaweza kunyonyesha kwa kushauriana na daktari wake. Hatari haifiki sifuri, na mtu akuambiaye ni sifuri hakuheshimu. Iko chini ya asilimia 1, mradi dawa zinamezwa.

Mwanangu alipokuwa na miezi mitano, tulipata msiba upande wa mume wangu. Nilifungasha dawa za siku tano nikiamini tutarudi baada ya siku nne. Tukakaa wiki tatu. Tulilala wanawake wanane chumba kimoja, mabegi yakifunguliwa na yeyote anayetafuta kitenge au sabuni, na vidonge vilipokwisha sikuwa na sababu ninayoweza kuitamka ya kuondoka. Kituo cha afya kilikuwepo karibu, na shemeji yangu mmoja alikuwa akifanya kazi pale. Siku 16 zilipita bila dawa, huku nikimnyonyesha mtoto mchana na usiku, kwa sababu mtoto akililia ziwa mbele ya mama mkwe utampa sababu gani ya kumnyima?

Nilijua nilichokuwa nikifanya, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Nilijua kwamba virusi huanza kuongezeka tena ndani ya siku hadi wiki chache baada ya dawa kusimama, na kwamba maziwa hufuata damu. Usiku nilikuwa nikihesabu siku kwa vidole chini ya shuka.

Niliporudi kliniki, mhudumu wa mapokezi alinifokea mbele ya foleni nzima kwamba mimi ni mama wa namna gani. Nilikwisha kugeuka kuondoka. Kama si yule muuguzi mzee kutoka chumba chake na kunishika mkono, ningeondoka kweli, na ninaamini nisingerudi upesi. Hakunisuta. Alinirudishia dawa zangu siku hiyo, akamwanzishia mtoto nevirapini tena ili imkinge hadi virusi vyangu vishuke, akachukua matone mengine ya kisigino, na akanikataza kumwachisha ghafla, kwa kuwa maziwa yakijaa bila kunyonywa titi huvimba, na titi lenye uvimbe au chuchu zilizochanika hupitisha virusi kwa urahisi zaidi. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza katika mahudhurio yote ya ujauzito: nyumbani kwako, nani anajua?

Majibu yale yalikuja safi. Yaliyofuata yalikuja safi pia. Nilimwachisha ziwa alipotimiza mwaka, kama tulivyoshauriwa wakati ule. Mwaka 2016 mwongozo ulibadilika, na sasa mama anayeendelea vizuri na dawa anaweza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi kama wanawake wengine. Alipofikisha miezi 18 alipimwa kidoleni, kingamwili zangu zikiwa zimekwisha toka mwilini mwake, na muuguzi akaandika neno moja kwenye mstari wa mwisho wa kadi. Mume wangu alilisoma mara mbili. Mimi sikuweza kulisoma kwa sababu ya machozi.

Tangu hapo nimekuwa mama mshauri, mmoja wa wanawake wanaoishi na VVU wanaokaa kliniki kuwasindikiza wenzao, na nimegundua kwamba kisa changu ni cha kawaida kupita nilivyodhani. Kuna wanaoacha dawa kwa kuhama, kwa kuficha, kwa uchovu wa mtoto mchanga, kwa huzuni ile nzito baada ya kujifungua ambayo hakuna anayeiita ugonjwa. Kuna pia wale ambao hawamo kabisa katika hesabu zetu: waliopimwa mwanzo wa ujauzito wakakutwa hawana, wakapewa cheti cha amani, kisha wakaambukizwa mimba ikiwa kubwa au mtoto akiwa ziwani. Mwanamke aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno katika wiki za mwanzo, na kwa kuwa anaamini hana, hakuna dawa inayomlinda yeye wala mtoto. Ndiyo maana kipimo kinapaswa kurudiwa mimba inapokuwa kubwa na tena wakati wa kunyonyesha, na mwenza kupimwa. Aliye katika hatari anaweza kutumia dawa kinga, zile ambazo watu huziita PrEP, akiwa mjamzito au akinyonyesha. Mume wangu mwenyewe alizitumia hadi virusi vyangu viliporudi kufubaa.

Mimba yangu ya pili ilikuja mwaka 2020, nikiwa nimehamishiwa dolutegraviri. Uhamisho huo nilicheleweshewa, kwa kuwa mwezi Mei mwaka 2018 taarifa za awali kutoka Botswana zilileta hofu kwamba dawa hiyo ikitumiwa wakati mimba inatungwa huongeza kasoro za uti wa mgongo na ubongo wa mtoto. Wanawake wengi tulibakishwa kwenye dawa za zamani, wengi bila kuulizwa. Takwimu zilipoongezeka hofu hiyo ilipungua, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, wajawazito wakiwamo, na baadaye tofauti haikuonekana tena. Ubora wake mkubwa kwetu ni kasi: huvishusha virusi upesi, jambo linaloweza kumwokoa mtoto wa mama aliyegundulika mimba ikiwa na miezi minane. Safari hiyo nilipimwa wingi wa virusi kabla ya kujifungua, tena mtoto alipokuwa na miezi mitatu, na kila baada ya miezi sita hadi nilipomwachisha.

Kabla ya mimba hiyo nilimweleza mama mkwe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mjukuu wake mkubwa ni mzima. Nilipomjibu kwamba ni mzima, aliuliza dawa zangu nazimeza saa ngapi, na tangu siku hiyo nikiwa kwake hunigongea mlango saa tatu usiku.

Wiki iliyopita nilikaa na binti wa miaka 22, mimba ya miezi sita, virusi vyake vimekwisha kushuka, kadi yake imejaa alama nzuri. Alitaka tuzungumze juu ya siku ya kujifungua, na tulizungumza. Kisha nilimwomba achukue kalamu, tukaandika pamoja nyuma ya daftari lake: baada ya kujifungua atakaa nyumba ya nani, kopo la dawa litakaa wapi ndani ya nyumba hiyo, nani atajua, akisafiri ghafla atabeba za siku ngapi, na zikimwishia huko atampigia nani. Kwenye swali la nani atajua aliishika kalamu muda mrefu. Nilimwacha afikiri, nikamwambia kwamba tuna miezi mitatu ya kulijibu kabla mtoto hajaja.